USIMWITE MVIVU, HUJUI LILILOMO DAMUNI MWAKE

Wahenga walituusia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami naongezea: damu isiyopita mishipani mwako hujui visa vyake. Nimeshika kalamu niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mtasema ni la chama cha sayansi, si la Chama cha Kiswahili. Eti Kiswahili ni cha mashairi, methali na ngonjera, na mambo ya seli yaachiwe wale wavaao makoti meupe maabarani. La hasha! Maneno yanayomchoma mwenzetu bwenini hayasemwi kwa lugha ya maabara. Yanasemwa kwa lugha yetu hii hii: "mvivu", "kikojozi", "mtoto wa laana". Basi kama tusi ni la Kiswahili, na jibu liwe la Kiswahili.

Nazungumzia ugonjwa wa selimundu. Jina lenyewe limejieleza: ni seli yenye umbo la mundu, ule mundu wa kukatia nyasi na mpunga. Chembechembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, bapa na laini, hata zinaweza kujibinya na kupenya katika vijishipa vyembamba kuliko zenyewe. Kwa mwenye selimundu zinapinda na kuwa ngumu. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika juu ya seli hizo katika jarida la kitabibu mwaka 1910, baada ya kuziona katika damu ya kijana mmoja mwanafunzi. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umewasumbua watu wa Afrika tangu hapo, nao walikuwa na majina yao ya kuuita.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi tamati. Mwanafunzi mwenye selimundu akinywa maji kila mara, akiomba ruhusa kwenda msalani, akivaa sweta mbili au akikaa kando wakati wa mbio, hafanyi ukaidi wala hadeki. Anatii amri. Amri yenyewe haikutoka kwake wala kwa mzazi wake, imetoka kwa protini moja iliyomo ndani ya damu yake. Ukimwadhibu mtu kwa sababu ya hayo, unaiadhibu protini, nayo protini haina masikio.

Hebu tuanzie mbali kidogo ili tuelewane. Tangu shule ya msingi tumekariri kwamba protini ni chakula cha kujenga mwili: maharagwe, mayai, nyama, samaki, maziwa. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Ukila maharagwe, tumbo lako huzivunjavunja protini zake mpaka zikabaki vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Seli zako huvichukua vipande hivyo na kuundia protini zake zenyewe. Asidi amino zinazotumika katika kazi hiyo ni za aina 20 hivi tu. Zinatungwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi, kwa mpangilio unaoamriwa na jeni. Uzi ukishatungwa haubaki umenyooka. Unajikunja na kujiviringa hadi unatulia katika umbo lake maalumu, kwa sababu shanga nyingine hupenda maji na nyingine huyakimbia zikajificha ndani, nyingine huvutana na nyingine husukumana.

Hapa ndipo penye siri. Kwa binadamu tumeonywa tusidanganywe na sura, kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa protini mambo ni kinyume kabisa: umbo ndiyo tabia. Protini yenye kitundu hukishika kile kinachoingia katika kitundu hicho, kama kufuli na ufunguo wake. Kimeng'enya kilichomo mateni huukata wanga kwa sababu wanga huingia sawasawa mahali pake pa kukatia. Seli haina ubongo wa kukaa ikaamua leo nifanye hivi, kesho vile. Inafanya kile ambacho protini zake, kwa kukutana, kushikana na kuachana, zinaifanyisha. Ukibadilisha umbo la protini, umebadilisha tabia ya seli. Na ukibadilisha tabia ya seli, umebadilisha maisha ya mtu mzima mwenye jina, mwenye deski na mwenye kitanda bwenini.

Katika seli nyekundu ya damu mfanyakazi mkuu ni hemoglobini. Seli moja tu inabeba hemoglobini zipatazo milioni 270. Kila hemoglobini ni minyororo minne iliyoshikana: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye asidi amino 146 kila mmoja. Kila mnyororo umekumbatia chembe ya chuma, na chuma hicho ndicho kishikacho oksijeni. Mtaalamu Max Perutz, huko Cambridge, Uingereza, alitumia zaidi ya miaka 20 kuisaka sura ya protini hii kwa miale ya eksirei, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na mwenzake John Kendrew. Kutokana na kazi hiyo ikajulikana kwamba hemoglobini ina mikao miwili. Ikibeba oksijeni inakaa hivi, ikiishusha inakaa vile, kama mchukuzi anavyobadili mkao wa mabega akishautua mzigo.

Sasa mwenye selimundu ana tofauti gani? Ndogo mno! Katika mnyororo wa beta, shanga ya 6, mahali palipostahili asidi amino iitwayo glutamiki, pamekaa nyingine iitwayo valini. Moja tu kati ya 146, jamani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine, wakauita huu ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti yote iko katika asidi amino hiyo moja.

Huenda ukauliza, shanga moja ina nini? Sikiliza. Glutamiki hupenda maji, ilhali valini ina tabia ya mafuta. Tazama mchuzi unapotulia bakulini: matone ya mafuta husogeleana yakaungana, kwa vile hayataki kukaa na maji. Valini ile imekaa juu ya ngozi ya hemoglobini, penye maji, nayo inatafuta pa kujificha. Hemoglobini zikiwa na oksijeni, haipati mahali. Lakini zikishaishusha oksijeni na kubadili mkao, hemoglobini jirani hufunua kitundu ambacho valini inaingia barabara, kama kifungo katika tundu la shati. Jirani huyo naye ana valini yake, anamshika jirani wa tatu, na wa tatu anamshika wa nne. Haba na haba hujaza kibaba. Mwishowe hemoglobini zimeshikana zikawa kamba ndefu ngumu, na kamba hizo huisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu. Seli zilizopinda hukwama katika mishipa midogo na kuziba njia, na pale zilipoziba mwili hukosa oksijeni. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtu mzima kulia kama mtoto. Fauka ya hayo, seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hii ya mundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndipo mgonjwa anapopungukiwa na damu na kuchoka upesi.

Sikilizeni kwa makini hapa, maana hapa ndipo hoja yangu ilipolalia. Kamba zile hazijitungi papo hapo oksijeni inapotoka. Kuna kitambo kidogo cha kungoja. Mara nyingi seli huwahi kurudi mapafuni kabla kitambo hicho hakijaisha, ikapata oksijeni, na hatari ikapita. Urefu wa kitambo hicho hutegemea sana jinsi hemoglobini zilivyosongamana ndani ya seli. Mwili ukipungukiwa na maji, seli nayo hukauka, na hemoglobini zinabanana kama abiria katika matatu ya jioni. Zikibanana hata kidogo tu, kitambo cha kungoja hufupika mno, na kamba zinatungwa kabla seli haijafika mapafuni.

Sasa umeona? Yule mwenzetu mwenye chupa ya maji chini ya deski hafanyi maringo. Anazitenganisha hemoglobini zake zisishikane. Yale maji anayokunywa yana kazi kuliko hotuba zote tunazompa.

Na kwa nini anatoka mara kwa mara, tena hata usiku? Kwa sababu figo zina sehemu moja ya ndani ambamo oksijeni ni kidogo na chumvi ni nyingi, na hapo seli hupinda kwa urahisi. Sehemu hiyo ndiyo inayobana mkojo ili maji yasipotee bure. Ikiharibika, mkojo unakuwa mwingi hata mtu asipokunywa maji mengi. Huyo mnayemwita kikojozi, mkatandaza godoro lake uani watu wote waone, figo zake zimeharibiwa na kamba zilizotungwa na shanga moja. Nani kati yetu angeweza kuzizuia kwa kuona haya?

Sweta mbili je? Baridi huibana mishipa ya damu. Mishipa ikibanwa, seli hupita polepole, zikachelewa njiani, na kitambo cha kungoja kikaisha kabla hazijafika. Kwa hivyo kuoga maji baridi alfajiri, jambo ambalo kwetu sisi ni kupiga mayowe kidogo kisha tukasahau, kwake laweza kuwa mwanzo wa wiki nzima kitandani. Na mbio kali? Misuli hunyonya oksijeni upesi, na jasho linaondoka na maji. Hatukatai kwamba anaweza kucheza na kufanya mazoezi mepesi, tena ni vizuri afanye. Ila akisema amechoka, mwachieni apumzike. Na macho ya manjano, ambayo wengine huyakimbia wakidhani ni maradhi ya kuambukiza, ni rangi tu inayotokana na hemoglobini za seli zilizovunjika. Huwezi kuambukizwa selimundu kwa kulala kitanda jirani, wala kwa kula sahani moja.

Nije kwa tusi lililo zito kuliko yote, lile la laana. Nimesikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema kwamba mtoto wa namna hii ni adhabu ya makosa ya mama yake. Mama hufukuzwa na vyombo vyake. Baba huoa mwingine, akajiona kanawa mikono. Hebu na tufanye hesabu ya kidato. Kila mtoto hupokea jeni moja ya beta kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Aliye na jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida huwa mzima wa afya, pengine asijue aushini mwake kwamba anayo. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mwenye jeni zote mbili za ugonjwa, nafasi 2 katika 4 za kupata mbebaji kama wao, na nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto asiye nayo kabisa. Baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amesahau kwamba nusu ya habari imetoka kwake mwenyewe.

Isitoshe, jeni hii ina sababu ya kukaa kwetu. Anthony Allison alikulia hapa Kenya, akaenda kusomea udaktari Oxford, kisha mwaka 1949 akarudi nchini na kukusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba huko pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi watu 20 katika kila 100 mahali fulani, ilhali katika nyanda za juu na sehemu kame walikuwa haba sana. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini cha kufanana? Kuna mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake kwamba mbebaji wa jeni moja ana kinga fulani dhidi ya malaria. Basi ile mnayoiita laana ilikuwa ngao iliyowawezesha wengi wa mababu zetu kuishi hata nasi tukazaliwa. Gharama ya ngao hiyo analipa mtoto aliyepata jeni mbili, ambaye yeye malaria ikimshika humuumiza vibaya. Je, ni haki tuifurahie ngao halafu tumtukane aliyeilipia?

Najua wako watakaonijibu: "Haya bwana, ikiwa protini ndiyo inayoamua, basi imekwisha. Mtu afanye nini?" Hapo pia nakataa. Kuijua protini ndiyo njia ya kuishinda. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, isiyo na mnyororo wa beta, kwa hivyo haina ile valini. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo. Baada ya kuzaliwa, protini moja iitwayo BCL11A huenda ikajishikiza kwenye jeni ya hemoglobini ile ya utotoni na kuizima. Tazama tena: protini imeshikana na jeni, na tabia ya seli imebadilika! Wataalamu wakauliza, je, tukiiwasha upya? Kuna dawa ya kumeza iitwayo hidroksiyurea ambayo huongeza hemoglobini ya utotoni, na hemoglobini hiyo huzizuia kamba zisitungwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watoto wa nchi nne za Afrika, wa Kilifi wakiwamo, ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maumivu, malaria na hata vifo. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayochukua seli za uboho wa mgonjwa, kuziondolea uwezo wa kutengeneza BCL11A katika seli nyekundu, na kumrudishia. Ila bei yake Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Wee! Tiba hiyo kwa mkulima wa Kilifi au mvuvi wa Homa Bay ni kama nyota, inaonekana lakini haishikiki. Kwa hiyo vitu vya gharama nafuu visidharauliwe: maji, joto, chandarua, dawa, na moyo wa huruma.

Wengine watadai kwamba tukitoa ruhusa hizi, kila mwanafunzi atajisingizia ugonjwa akwepe mbio na kudeki bweni. Hoja hii ina uzito, siibezi. Lakini dawa yake ni rahisi. Mgonjwa ana kadi ya hospitali. Matroni na mwalimu wa zamu wawe na orodha ya majina, tena iwe siri. Aliye kwenye orodha apewe ruhusa zake bila kuulizwa maswali mbele ya watu, na mjanja asiye kwenye orodha akimbie mbio zake. Ni afadhali mjanja mmoja aponyoke kuliko mgonjwa mmoja kuzimia uwanjani.

Kwa hivyo naomba mambo manne. Kwanza, mwenye selimundu aruhusiwe kuwa na maji darasani na kwenda msalani bila kunyoosha mkono mara tatu. Pili, apewe maji ya moto ya kuogea na asizuiwe kuvaa nguo nzito eti kwa sababu si sare. Tatu, akisema anaumwa, apelekwe zahanati kwanza, maswali yafuate baadaye. Nne, sisi sote tukapimwe damu tujue kama ni wabebaji, kabla ya siku ya kuchumbia na kuchumbiwa kufika. Si kwa ajili ya kubaguana, la! Ni ili kila mtu aamue akiwa amefumbua macho, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Nanyi wanachama wenzangu, mna kazi yenu. Tumezoea kushindana kwa methali na vitendawili ukumbini. Vyema sana. Lakini safari ijayo mtu akimwita mwenzake mvivu mbele yako, mweleze kwa Kiswahili sanifu au cha mtaani, vyovyote vile, habari ya shanga ya 6. Mweleze habari ya valini inayotafuta pa kujificha, na kitambo kifupi cha kungoja kabla kamba hazijatungwa. Kisha mnyoshee mgonjwa chupa yake ya maji.

Wino unaniishia. Wasalaam.